Hii Neno, Njo Miye?

Kontena langu liko kona ya soko la Kenya,
Kenya mtaa wa Lubumbashi, si nchi, nimechoka kueleza.
Ndani mna kompyuta moja, printa inayokohoa,
na bei kwa chaki ukutani:
barua ya kazi, faranga elfu mbili;
barua ya kuomba msamaha, tuelewane.

Jumanne, kabla umeme haujakatika,
aliingia Mzee Kaumba Mwilambwe
na karatasi iliyokunjwa mara nne,
tangazo la kampuni ya njia ya Kolwezi,
lote kwa Kiingereza, kana kwamba shaba yetu
imesahau ilichimbwa na akina nani.
Kidole chake, ukucha mweusi kama mbegu ya papai,
kilisimama juu ya neno moja:
boilameka.
"Mama, hii neno, njo miye?"

Nikafungua kamusi. Kamusi haikumjua mzee.
Ililipasua neno vipande viwili kama muhogo:
boila, chombo cha kuchemshia maji;
meka, mwenye kukitengeneza.
Nikamsomea. Akacheka hadi akashika meza.
"Maji? Hata ya chai sijawahi kuchemsha,
muulize mama watoto."

Basi ulikuwa unafanya nini, mzee?

Hakujibu kwa maneno.
Alilaza kiganja hewani, kikawa bati,
milimita kumi na mbili, limelala kimya;
akalipima kwa jicho, akalichora,
akalikata, akalikunja polepole, polepole,
mpaka pembe ikasalimiana na pembe,
na mbele yangu, kwenye hewa ya bure,
pakasimama tangi la asidi lenye kimo cha nyumba.
Nusura nisogeze kiti.

"Birika," akasema, "sikuunda hata moja.
Miaka ishirini na sita: matangi, mabomba,
vifua vya tanuri.
Baba alilileta hili neno kutoka Kitwe
pamoja na baiskeli na kikohozi.
Hapa wakubwa wa kampuni waliniita shodronie,
nikauliza maana, wakasema: mtu wa masufuria.
Ona sasa! Lugha mbili za watu,
zote zimenipeleka jikoni."

Na Kiswahili?

"Getini waliniita fundi.
Sawa, lakini fundi ni koti la ukoo:
leo kalivaa mshona suruali, kesho analo mtengeneza redio;
ukitia mkono mfukoni unachomwa na sindano ya mwenzio.
Wale tu tulioziba nao masikio kwa pamba
ndio walionipa jina: Sikio-Bati."

Mpwa wangu Trezo, hana adabu na simu yake,
akadakia: Marekani neno hili ni kinywaji pia,
tone la pombe kali, kisha bia.
Mzee akatikisa kichwa. "Andika na hiyo.
Labda watanitaka kwa kiu."

Nikaandika boilameka kwa herufi zao,
maana tajiri husoma lugha yake tu.
Chini yake, bila kuombwa,
nikaongeza mstari mmoja wa Kiswahili:
hukunja chuma mpaka kikubali kubeba kinachounguza.
Mashine ikapiga wino mwekundu chini ya kila neno.
Nikaacha hivyo hivyo.

Alilipa. Akiwa mlangoni akagonga ukuta
kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa.
"Milimita mbili," akasema. "Na huku chini
aliyechomelea alikuwa na haraka, au njaa."

Sijui kama walimwita.
Mvua ya Novemba ikaja, ikalipiga kontena usiku kucha,
na asubuhi nilikuta maji sakafuni,
yameingilia pale pale.